Maswali ya Bandani: Mgongo Hujengwa kwa Miguu ya Nyuma, Si kwa Mkono

Mwezi huu mmeniletea picha nyingi. Nimezipanga mezani jioni mbili mfululizo, na karibu barua zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: farasi wangu hana mgongo, na mikono yangu imechoka. Nimechukua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyeiandika anakaribia kufanya kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina farasi jike wa miaka 6, nilimnunua alipostaafu mbio pale Ngong. Ni miezi 5 sasa. Nikimtazama kutoka nyuma, uti wa mgongo umesimama kama paa la nyumba. Mbele ya tandiko, chini ya kile kinundu cha mabega, kuna shimo kila upande, ngumi yangu inaingia. Shingo imejaa upande wa chini, juu imebonyea. Nikimpanda anainua pua na kunivuta mpaka mabega yananiuma. Mwenzangu bandani ananishauri nifunge vigwe vya kuvuta, vile vinavyotoka kwenye mkanda wa tumbo, vikapita kwenye lijamu hadi mkononi, nimshushe kichwa ili mgongo uinuke. Nifanye hivyo? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifunge. Mrudishie mwenzako vigwe vyake, kisha uendelee kusoma.

Nilipokuwa na miaka 23 nilifanya kazi katika banda moja upande wa Limuru. Palikuwa na farasi wa kijivu aliyehasiwa, tukimwita Ukungu, naye alitoka mbioni kama huyu wako: mgongo paa, shingo juu, pua mawinguni. Niliambiwa nimfunge vigwe vya kuvuta, nikamfunga. Baada ya wiki 6 shingo yake ilikuwa imepinda kama mpini wa mwavuli, na kila mgeni aliyepita alimsifu. Mimi niliyempiga brashi kila asubuhi ndiye niliyeona mengine. Nikipitisha brashi nyuma ya mahali pa tandiko alizamisha kiuno ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Nikikaza mkanda wa tumbo aligeuka kuniuma. Miguu ya nyuma ilikokota. Kwenye mchanga wa uwanja ncha za kwato zilichora mistari miwili mirefu. Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa saisi maisha yake yote ya kazi, alikuja siku moja kunitembelea. Aliitazama ile mistari mchangani kabla hajamtazama farasi mwenyewe. Akaniambia, "Umemfunga mdomo, ukadhani umemfungua mgongo." Tangu siku hiyo sijavigusa vigwe vile.

Nikueleze kwa nini. Weka kiganja kisogoni mwa farasi wako, nyuma ya masikio. Hapo linaanza kano nene linalopita juu ya shingo mpaka kwenye kinundu cha mabega, likashika ile mifupa mirefu ya uti iliyosimama humo ndani, kisha likaendelea mgongoni hadi kiunoni. Farasi akinyoosha shingo mbele na chini kwa hiari yake, kano linaivuta ile mifupa kama kamba ya hema inavyovuta mti wake, na mgongo unainuka kidogo. Hapo ndipo watu walipopata wazo kwamba kichwa kikiwa chini, mgongo umepona. Lakini angalia: nimesema mbele na chini. Vigwe vya kuvuta vinaleta kichwa chini na nyuma. Shingo inafupishwa, kano linalegea, na farasi anapigana na mkono wako kwa misuli ya chini ya shingo. Ndiyo hiyo unayoniambia imejaa. Kila siku unayovutana naye unaijaza zaidi.

Nusu nyingine ya kazi iko chini, tumboni na miguuni. Farasi hana mtulinga. Mkono wako wewe umeungana na kifua kwa mfupa. Kwake, kifua kizima kinaning'inia katikati ya mabega mawili kwa misuli mitupu, kama mtu aliyelala kwenye machela. Tena kwa maumbile yake, kama asilimia 60 ya uzito iko miguu ya mbele kabla hata hujapanda. Misuli ya machela ikilala, kifua kinazama, kinundu kinashuka, na shingo inachomoka juu kama ya ngamia. Ikiamka, kifua kinapanda katikati ya mabega, tumbo linajikaza, mguu wa nyuma unapata nafasi ya kuingia chini ya mwili, na shingo inajipanga yenyewe. Kile ambacho wapandaji wanakiita toplaini, yaani ule mstari uliojaa wa shingo, mgongo na kiuno, ni alama ya kazi hiyo ya chini. Huwezi kuichora kwa mkono kutoka juu.

Sasa huyu wako ana jambo lake la ziada. Alifundishwa kazi, na akaifahamu vizuri: uwanjani pale mpandaji akifupisha hatamu na kuzikaza, maana yake ni egemea, tukimbie. Wewe unakaza hatamu ukimaanisha polepole. Yeye anasikia kazi imeanza. Anakutii, mwanangu, kwa lugha aliyofundishwa. Usimwite mkaidi.

Kabla ya zoezi lolote, tandiko. Lile shimo la ngumi linanipa wasiwasi. Farasi wa mbio hubeba tandiko dogo sana kwa dakika chache, kisha anauzwa na kuwekewa tandiko la kuazima lililotengenezewa farasi mwingine. Mti wa tandiko, yaani kiunzi chake cha ndani, ukibana pale chini ya kinundu, msuli unakauka, nawe unaongeza nguo za kuziba, unabana zaidi. Liweke bila nguo yoyote. Vidole 2 au 3 vipite kati ya tandiko na kinundu ukiwa umekaa juu yake. Tafuta ubavu wa mwisho kwa vidole. Farasi wako ana mbavu 18 kila upande. Tandiko lisivuke ubavu huo, kwa maana nyuma yake ni kiuno na hakina mbavu za kusaidia kubeba. Ukimvua baada ya kazi, tazama jasho. Doa kavu katikati ya jasho ni mahali panapobanwa. Na umwite daktari wa mifugo aangalie meno na aguse mgongo. Farasi wa mbio wengi wana mifupa ya uti inayogusana, na hakuna zoezi la kumponya farasi anayepandwa juu ya kidonda.

Tandiko likiwa sawa, bado usipande. Nipe wiki 3 za kutembea naye kwa kamba. Chagua barabara ya murram yenye mlima, mtembee dakika 30, yeye akiwa na shingo ndefu na wewe ukiwa begani mwake, si mbele ukimvuta. Kupanda mlima kwa mwendo wa hatua ni zoezi ninalolipenda kuliko yote ya uwanjani, na halina gharama. Ukirudi, laza fito 4 chini, kati ya moja na nyingine sentimita 80 hadi 90, umpitishe polepole. Utamwona anashusha pua kuzitazama, anainua miguu, na tumbo linajikunja lenyewe. Hakuna aliyemshika kichwa.

Kisha kuna hili la mkono, nataka ulifanye kwa makini. Simama ubavuni mwake, si nyuma. Ncha za vidole vya mkono mmoja ziweke chini ya kifua, katikati, pale mkanda wa tumbo unapopita. Kiganja cha pili kipumzike juu ya mgongo. Mkune kwa vidole vya chini, ukibonyeza kwenda juu, taratibu. Mara ya kwanza huenda asikujibu. Sogea kidogo, mkune tena. Ghafla utasikia mgongo unainuka chini ya kiganja chako, kama paka anayepapaswa, na kile kinundu kitapanda mbele ya macho yako. Mwache hapo kwa hesabu ya 5, halafu umsifu. Tazama masikio, akiyalaza nyuma au akipiga mkia, umebonyeza kwa nguvu au pana maumivu. Mimi hufanya mara 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na baada yake karoti: moja aifuate hadi katikati ya miguu ya mbele, moja hadi ubavuni kushoto, moja kulia. Asiinyakue. Anyooke, akae, ndipo apewe.

Ukianza kupanda, dakika 15 za mwanzo ni mwendo wa hatua, hatamu ndefu. Utaona kichwa chake kinaenda mbele na kurudi kila hatua. Mikono yako imfuate, na anayefanya kazi hiyo ni kiwiko: kinafunguka, kinajifunga. Kwenye troti, yaani mbio za polepole, kichwa kinatulia, basi na mikono itulie. Uzito ninaoutaka mkononi ni kama unapomshika mtoto mkono mkivuka Ngong Road. Humvuti, na humwachi. Yeye anajua upo.

Ingia kwenye duara kubwa, lenye upana wa mita 20. Mguu wako wa ndani umguse pale anapoinua mguu wa nyuma wa ndani, aingize hatua chini zaidi. Vidole vya mkono wa ndani vikamue kidogo, kama unaminya sponji, uone jicho lake la ndani. Siku ya kwanza atajibu kwa sekunde moja tu: taya italegea, atameza mate, shingo itashuka kiasi cha kidole. Sekunde hiyo ndiyo yako. Legeza. Usisubiri uone kama ataendelea, usitake kidogo zaidi. Ukichelewa kulegeza, umemfundisha kwamba hata akikubali bado anashikwa, na kesho atakuwa mzito zaidi. Nimewafundisha watu wengi, na kasoro ninayoiona kila siku si mkono mgumu. Ni mkono unaochelewa kusema asante.

Halafu mjaribu. Sogeza mikono yote miwili mbele, juu ya shingo, kiasi cha urefu wa kiganja, hatua 3, kisha uirudishe. Waamuzi wa mashindano ya mafunzo ya uwanjani (dressage) nao hutazama jambo hili hili: hatamu zikiachiwa, farasi anabaki alivyokuwa? Akibaki na mwendo uleule na shingo ileile, basi alikuwa anajibeba. Akikimbia, alikuwa anaegemea mkono wako. Akichomoa pua juu, mgongo ulikuwa umekaza na wewe ulikuwa umeufunika tu. Usimwadhibu kwa jibu lolote kati ya hayo, amekupa habari. Rudi kwenye hatua, uanze tena. Mimi hujaribu mara 10 au 15 katika somo moja, na farasi hawachoki nalo.

Dakika 25 zinamtosha kwa sasa, siku 4 kwa wiki, na kila baada ya dakika 3 au 4 za troti mpe hatamu zote atembee. Msuli uliochoka hauongezeki siku hiyo, unakaza. Sikiliza kwato pia. Farasi anayejiburuta anapiga ardhi kwa kishindo kizito cha mbele. Akianza kujibeba kishindo kinapungua, utasikia mdundo sawa, pua inapulizwa, mkia unacheza kushoto na kulia kama kengele. Ukifika hapo, niandikie nikueleze bega ndani, zoezi la Mfaransa François Robichon de la Guérinière, mwalimu wa farasi wa karne ya 18: farasi anakwenda kando ya ukuta, mabega yameletwa ndani kidogo, na mguu wa nyuma wa ndani unaingia chini ya uzito. Sijaona linalolishinda kwa kumwinua farasi mbele. Lakini si la mwezi huu.

Mpige picha kila baada ya wiki 4, mahali pamoja, ardhi tambarare. Kwa farasi niliowalea, mashimo nyuma ya mabega huanza kujaa baada ya miezi kama 3, na shingo huchukua mwaka. Ukungu alinichukua miezi 14, kwa sababu ilibidi kwanza nifute nilichokifanya. Tulitembea barabara za mashamba ya chai, asubuhi kwa asubuhi, hatamu zikiwa ndefu. Nakumbuka siku ile. Tulikuwa kwenye troti, mvua ya manyunyu, nikafungua vidole kama kawaida bila kutarajia kitu, na hatamu zikaanza kuteleza zenyewe kutoka mikononi, polepole, sentimita kwa sentimita, yeye akizichukua kwa kunyoosha shingo mbele na chini, na mgongo ukipanda chini yangu mpaka nikahisi nimeinuliwa. Nililia pale juu. Ndicho ninachotaka ukipate na huyu jike wako, ndiyo maana nimekuandikia kurasa zote hizi.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni saisi Naivasha. Mwenye farasi anasema farasi wake hana msuli mgongoni na ananiambia niongeze chakula. Tunampa pumba ya ngano nyingi asubuhi na jioni, mahindi yaliyosagwa, na nyasi kavu. Tumbo limetoka, mgongo bado haupo. Nimeongeza, nimeongeza. Nimekosea wapi? – Saisi, Naivasha

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Hukukosea kwa uvivu, naona. Tatizo ni unachoongeza. Msuli unajengwa kwa protini, na hasa ile sehemu yake iitwayo laisini, ambayo mahindi yanayo kidogo sana. Mahindi yanampa wanga, unakuwa mafuta au wazimu. Pumba kwa wingi ina hatari nyingine: fosforasi yake ni mara nyingi zaidi ya kalsiamu, na farasi akilishwa hivyo muda mrefu mwili unaanza kuchukua kalsiamu mifupani. Mifupa ya uso inavimba na kuwa laini. Punguza pumba leo, ila taratibu, kwa muda wa siku 10, usije ukamletea msokoto wa tumbo.

Pima nyasi kwa mizani ya kuning'iniza, usikadirie kwa macho. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Boma Rhodes, aina ya nyasi za kupandwa, ni nzuri ikikatwa mapema. Ikikatwa imezeeka ni mabua, inajaza tumbo tu, na ndilo hilo unaloliona limetoka. Ongeza kilo 1 hadi 2 za lusani, na mashudu ya soya kidogo kama yanapatikana kwenu, pamoja na chumvi ya madini.

Kisha pekua kinyesi. Nasema hivyo kwa uzito. Ukikuta punje nzima na mabua marefu, meno hayasagi: yale ya juu yamechongoka upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, na farasi huyo pia hatakubali lijamu hata apandwe na nani. Peleka kinyesi kipimwe minyoo badala ya kumpa dawa kwa mazoea. Na kwa kuwa mko kwenye kupe, inua mdomo wake kila asubuhi. Fizi zikipauka au kuwa za manjano, muite daktari siku hiyohiyo. Homa ya kupe inakula msuli upesi kuliko wewe unavyoweza kuurudisha.

Mwenye farasi mwambie hivi kwa heshima: chakula kinaleta matofali, lakini bila kazi nzuri hakuna fundi. Akimpanda kwa kumvuta mdomo, utalisha mpaka ghala liishe.

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mwalimu. Naishi Maskati, wazee wetu walitoka Unguja. Nina farasi wa Kiarabu wa miaka 9. Yeye havuti hata kidogo. Hatamu ni nyepesi kama uzi. Anakunja shingo, pua karibu na kifua, kila mtu anasema anapendeza. Lakini mgongo haujai, na nikimtaka aende mbele anapiga hatua fupifupi. Si ndio wepesi mnaousifu? – Msomaji, Maskati

JIBU: Waalaykum salaam, kaka. Hapana, sio. Na nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu watu wengi wanapotelea hapo wakidhani wamefika.

Yule wa Lang'ata anamkimbia mpandaji kwa mbele. Wako anakukimbia kwa nyuma. Amegundua kwamba akijikunja, lijamu halimgusi, basi amejificha huko. Uzi ulio mkononi mwako hauna kitu mwisho wake. Ule wepesi ninaoutaka una mtu upande wa pili: ukifungua vidole, pua inatoka mbele kukutafuta. Jaribu kesho. Ongeza urefu wa hatamu sentimita 10 tu. Nina hakika shingo yake itabaki imekunjwa vilevile na hatamu zitaning'inia. Hapo utaona kwamba hajibebi, amejifunga.

Tazama lijamu kwanza. Kama ni lile lenye mikono mirefu na mnyororo chini ya kidevu, mvue, umpe la kawaida la pete mbili. Ukanda wa puani uwe na nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua, ili aweze kufungua taya na kutafuna. Kisha usahau kabisa kichwa chake kwa muda. Mpeleke nje kwenye njia iliyonyooka, troti yenye bidii, mikono juu kidogo kuliko ulivyozoea, na kila anapotoa pua mbele hata kwa bahati mbaya, msifu kwa sauti. Ataanza kuonekana mbaya machoni pa wale wanaomsifu sasa. Vumilia. Usimkunje tena kwa ajili ya watazamaji.

Wala usimdai shingo ya farasi wa Kijerumani. Mwarabu ameumbwa na shingo iliyopandwa juu, na baadhi yao wana jozi 17 za mbavu na mifupa 5 ya kiuno, pale ambapo farasi wengine wana 18 na 6. Mgongo wake ni mfupi, kwa hiyo tandiko linalomfaa jirani linaweza kumkalia kiunoni. Ukifanya kazi ufukweni, fanya alfajiri, kwenye mchanga uliolowa na kushikamana. Ule mkavu wa kuzama unachosha kano za miguu kabla haujajenga chochote.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 11, anajifunza kupanda huku Arusha. Mwalimu wake analalamika kwamba anajishikilia kwa hatamu, na farasi anatikisa kichwa. Mtoto analia kwamba akiachia ataanguka. Nimsaidieje? – Mzazi, Arusha

JIBU: Pole zake binti, na kilio chake ni cha kweli. Mtu anayeogopa kuanguka atashika kilicho karibu, na kumkemea kunamkazia vidole zaidi. Mpeni kitu kingine cha kushika. Mkanda wa ngozi, hata ule wa zamani wa vikuku vya kukanyagia, ufungwe kuzunguka shina la shingo ya farasi, usibane. Kila anapohisi kuyumba, vidole viwili viingie kwenye mkanda, si kwenye mdomo wa mnyama.

Muombe mwalimu wake masomo 6 ya kuzungushwa kwa kamba ndefu, hatamu zikiwa zimefungwa fundo juu ya shingo na mtoto asizishike kabisa. Mikono aitandaze kama ndege, aiweke kichwani, aguse goti, aguse mkia. Kwenye hatua kwanza. Troti ije baadaye, mkono mmoja mkandani. Mwambie ahesabu hatua kwa sauti, moja mpaka ishirini, kwa maana mtoto anayehesabu anapumua, na anayepumua kiuno chake kinalegea kikafuata mgongo. Farasi ataacha kutikisa kichwa siku ileile, naye binti atakiona kwa macho yake. Siku atakapofika ishirini kwenye troti bila kugusa mkanda, mfunguliwe fundo, na hatamu apewe kwa urefu wote.